Bwana Maktaba wa Shule ya Kati

Kabla hujaingia maktaba yetu ulionyesha mikono. Nje ya mlango palikuwa na beseni la maji, kipande cha sabuni na taulo lililochakaa likining'inia kwenye msumari. Mtunzaji wake alisimama kizingitini, miwani imemshukia puani, akakagua viganja, akageuza, akakagua kucha. Asiyeridhisha alirudi kunawa. Siku za kiangazi maji yalichotwa mbali, na sisi wasichana ndio tuliokuwa tukiyabeba, kwa hiyo tulinung'unika kwamba vitabu vinakunywa maji kuliko ng'ombe. Alitusikia.

"Na huyo ng'ombe," aliuliza, "anajua Tabora iko wapi?"

Tulimwita Bwana Maktaba. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za ofisi na bila shaka walimu walilijua, lakini mimi sikumbuki kulisikia likitamkwa. Hakuwa mwalimu. Alikuwa karani wa shule ya kati pale Handeni, na kabla ya hapo alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Chumba cha mwisho, kile kilichokuwa kikiwekwa majembe, kiligeuka maktaba miaka ile ya mwanzo ya uhuru kwa sababu yeye aliomba ufunguo na hakuurudisha tena. Alikozaliwa na ukoo wake sikuwahi kumwuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza mambo hayo.

Mimi nilitoka kijiji cha Misima. Nilipofaulu kuingia darasa la tano baba alinipeleka kwa shangazi yangu, Chanika, pale pale mjini Handeni, ili niwe karibu na shule. Wasichana tulikuwa wachache, na saa za jioni wavulana walipokwenda uwanjani sisi tulikuwa hatuna pa kwenda. Bwana Maktaba hakusema kwamba anatuonea huruma. Alituambia tu kwamba kuna mifuko ya kadi ya kubandika, na anayebandika anaruhusiwa kusoma mpaka mlango ufungwe.

Kila kitabu kilikuwa na mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma, na ndani ya mfuko kadi. Ukiazima, kadi iliandikwa jina lako ikabaki kwake ndani ya kopo la biskuti. Kitabu kimoja, majuma mawili. Rafu zilitengenezwa kwa mbao za masanduku, na miguu yake ilisimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari ili mchwa wasipande. Kila muhula basi lilileta sanduku la vitabu kutoka Tanga na kuondoka na lile la zamani. Siku ya sanduku alijifungia peke yake. Tulimsikia kupitia dirishani akicheka, akiguna, akijisomea kwa sauti, na mlango ulipofunguliwa alikuwa amekwisha kuamua kitabu gani ni cha nani. "Hiki chako," alikwambia, na ukikataa alikiweka pembeni bila ubishi. Baada ya wiki mbili tatu ulikifuata mwenyewe.

Juu ya meza ya kusomea alikuwa ametundika kibao alichokiandika kwa wino mwekundu: KIMYA. Hakuna aliyekivunja kibao hicho kama yeye. Akikuona unasoma habari za mito, alianza kusimulia mafuriko aliyoyaona alipokuwa kwenye mkonge, namna daraja lilivyokwenda na maji na mtu mmoja akabaki ng'ambo na funguo zote za stoo, mpaka chumba kizima kimeacha kusoma. Mtu akicheka, alinyoosha kidole kwenye kibao. Sisi tuliona ni dhuluma, lakini hatukutaka aache kusimulia.

Vitabu vilivyochanika alivitibu kwa gundi ya unga wa muhogo na uzi wa katani. "Miaka mingi niliutumikia mkonge," alisema akivuta uzi kwa meno, "sasa na wenyewe unitumikie." Aliyechana kitabu akakileta mwenyewe hakugombezwa. Alikaa tu mezani akashika sindano. Aliyeficha alifungiwa mlango muhula mzima, hata awe mtoto wa nani.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na kitabu kimoja kinene, cha kwake, ambacho kilikuwa kimekunjwa pembe kila ukurasa wa tatu, kina madoa ya chai na chembe za tumbaku katikati. Siku moja rafiki yangu alithubutu kumwuliza.

"Bwana Maktaba, mbona hicho umekiharibu?"

Alikitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Hiki ni changu," alisema. "Nimekinunua, nitakufa nacho. Hivyo vingine ni vya mtu ambaye bado hajaja."

Kwa walimu alikuwa mkali kuliko alivyokuwa kwetu. Mwalimu Mkuu aliwahi kuazima kitabu cha ufugaji wa kuku akakaa nacho miezi miwili. Kisha akanituma na kikaratasi kuomba kingine, cha nyuki. Bwana Maktaba alikisoma, akageuza upande wa pili, akaandika maneno mawili, akanirudisha nacho. Njiani nilisoma: "Kuku kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu Mkuu alikitazama kile kikaratasi muda mrefu, akavuta mtoto wa meza, akatoa kitabu cha kuku.

"Amesema jambo jingine?"

"Hapana, mwalimu."

"Alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anakunywa chai."

Akaenda mwenyewe. Nilimwona kwa mbali, mtu mzima na tai yake, ameinama juu ya beseni ananawa mikono.

Siku za gulio maktaba ilikuwa ya wakubwa. Wakulima walikuja na barua. Bwana Maktaba aliwasomea mmoja mmoja kwenye meza yake ndogo, na alikuwa na sharti lake alilotufundisha na sisi, kwa sababu alijua tukirudi vijijini tutaombwa kazi hiyo hiyo. Msomaji haongezi wala hapunguzi. Ikiwa ni matusi, yasome. Ikiwa ni talaka, isome. Barua si yako.

Siku moja alikuja Bibi Mwantumu, jirani yetu wa Misima. Mwanawe wa pekee, Salehe, alikuwa amekwenda kukata mkonge Korogwe. Bibi alifungua pindo la kanga akatoa bahasha. Mimi nilikuwa nyuma ya bega la Bwana Maktaba, nabandika mifuko, na karatasi ilipofunguliwa niliiona yote. Haikuwa ndefu, na haikuandikwa na Salehe. Ilisema Salehe amelala hospitali ya shamba siku nyingi, hali chakula, na mtu wake aje upesi kama anataka kumkuta.

Bwana Maktaba aliipitia kwanza kwa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akasoma kwa sauti: "Mama, mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Wasalimie wote."

"Ndiyo yote?" aliuliza bibi.

"Ndiyo yote, bibi."

"Hakuuliza mbuzi wake?"

Bwana Maktaba aliitazama tena karatasi. "Ameuliza. Anasema, je, anaendeleaje?"

"Mwandikie amezaa."

"Nitamwambia."

Bibi alipoondoka sikuweza kunyamaza. "Barua haisemi hivyo," nilimwambia.

"Najua inavyosema."

"Wewe ulituambia..."

"Najua nilivyowaambia." Aliikunja barua akaitia mfukoni mwa shati. "Yule bibi miguu yake ni mibovu. Akijua leo ataanza kutembea leo, na ataanguka njiani. Nimeazima kwake siku nne, Mwajuma. Zikiisha nitamrudishia, na habari yoyote nitakayokuwa nayo."

Asubuhi iliyofuata maktaba ilikuwa imefungwa. Tangu nifike pale sikuwahi kuikuta imefungwa siku ya kazi. Alikuwa amepanda basi la Korogwe.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Misima. Bibi Mwantumu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba mwanawe amekumbuka hata mbuzi. Alinisimamisha mimi niwe shahidi. "Si ulikuwepo, mwanangu? Si ulisikia?" Nilisema nilisikia. Niliwaza kwamba kama Salehe amekwisha kufa, mimi ndiye niliyejua, na mama yake anacheka mbele yangu.

Jumatatu mchana basi lilipofika, tulikuwa tunatoka darasani. Bwana Maktaba alishuka kwanza. Kisha akageuka akanyoosha mikono, akamshusha mtu aliyejifunika blanketi. Alikuwa mwembamba, shingo imebaki mishipa mitupu, lakini alisimama kwa miguu yake. Alikuwa Salehe. Nilikaa chini pale pale, juu ya nyasi, na vitabu vyangu mapajani, mpaka rafiki yangu akaniuliza kama naumwa.

Bwana Maktaba alimpeleka Misima siku ile ile kwa lori la pamba, nami nikaomba ruhusa nikapanda. Alimkalisha Salehe kwenye kigoda, akasimama mbele ya Bibi Mwantumu akamweleza yote: barua ilisema hivi, mimi nikasema vile, nisamehe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo habari za mbuzi hakuuliza," alisema.

Salehe aliinua kichwa. "Mbuzi ana nini?"

"Amezaa," alisema mama yake, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Tuliporudi mjini Bwana Maktaba aliniambia jambo moja tu. "Hili usilifuate. Mimi nimebahatika." Hakulitaja tena, na gulio lililofuata alirudi kwenye meza yake kuwasomea watu barua neno kwa neno, pamoja na matusi.

Mwaka wangu wa mwisho mvua hazikunyesha. Handeni inajua njaa, lakini ile ilikuwa mbaya. Serikali ilileta mahindi ya msaada, yale ya njano, na yalitakiwa chumba kikavu chenye kufuli imara. Katika mji mzima vyumba vya namna hiyo vilikwisha kujaa, kikabaki chetu. Bwana mmoja kutoka bomani alikuja kumwambia Bwana Maktaba. Alijiandaa kwa ugomvi, kwa maana sifa za beseni zilikuwa zimefika bomani.

"Watu hawawezi kula vitabu," alianza.

"Hawawezi," alijibu Bwana Maktaba. "Nipe siku mbili." Yeye mwenyewe shati lilikuwa limeanza kumpwaya.

Kwa siku mbili alitugawia maktaba nzima. Kila mwanafunzi alipewa vitabu kadiri ya umbali wa kwao na nguvu za mikono yake, na kadi zote zikaandikwa. Atlasi na kamusi kubwa zilikwenda kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mzee yule alizifunga kwa kitambaa kipya cha marekani, akaziweka juu kabisa kati ya majora ya nguo, akamwambia mkewe kwamba hizo haziuzwi. Kwetu sisi Bwana Maktaba alisema maneno machache: mvua ikinyesha na mahindi ya shambani yakikomaa, virudi. Walimu walimwambia hataviona tena. Walisema watu watavitumia kusokotea tumbaku na kuwashia moto, na kwamba wenye njaa hawana lawama. Hakubishana nao.

Baba yangu hakujua kusoma. Nilipomletea vile vitabu vitatu alivishika kwa mikono miwili, akaniuliza vinahifadhiwaje. Nilimwambia vinaogopa maji, mchwa na panya. Alifikiri kidogo. Tulikuwa tumekula kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa mbegu, na mbegu zilikuwa darini, juu ya jiko, kwenye moshi. Akapanda akaviweka humo humo, katikati ya mahindi ya mbegu, akashuka akafunga ngazi kwa kamba.

Mvua zilirudi. Mahindi ya msaada yakaisha, chumba kikafagiliwa, kikapakwa chokaa. Bwana Maktaba alitangaza kwamba maktaba itafunguliwa. Siku ya kwanza alikaa mezani tangu asubuhi na hakuja mtu. Siku ya pili kilirudi kitabu kimoja. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye rafu tupu, na rafu hazikuwa na vumbi. Familia nyingi zilikuwa zimehamia Korogwe kutafuta vibarua, nyingine zilikuwa shambani zinavuna, na wanafunzi wengi walikuwa hawajarudi shule. Nilijua hayo, na yeye aliyajua kuliko mimi. Lakini alikaa akiutazama mlango, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu aliyezeeka.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa. Alasiri nilimwona mtu anakuja barabarani amejifunika gunia, na kichwani kabeba kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa baba. Alikuwa ametembea kutoka Misima.

Alitaka kuingia moja kwa moja. Bwana Maktaba akasimama.

"Mzee, mikono kwanza."

Baba akacheka, akanawa. Vitabu vilifunguliwa mezani. Vilikuwa vimegeuka rangi kidogo pembeni, lakini hakuna ukurasa hata mmoja ulioguswa na mdudu. Bwana Maktaba alinusa kimoja, akanusa cha pili.

"Vilikaa wapi?"

"Pamoja na mbegu," alisema baba.

Bwana Maktaba alikiweka mezani. Kisha akatoa kadi kwenye kopo la biskuti, akazirudisha mifukoni moja moja, polepole, akamshukuru baba kwa Kizigua, lugha ya kwetu. Baba hakumwacha mtu akiamini kwamba amefanya jambo kubwa. Aliuliza kama anaweza kupata chai.

Siku iliyofuata walikuja watu kumi hivi. Mwisho wa juma walipanga mstari kwenye beseni: wazee, akina mama na watoto mgongoni, wavulana waliorudi kutoka Korogwe na vitabu ndani ya makasha yao ya nguo. Mwenye duka alimtuma mpagazi na atlasi na kamusi zikiwa bado ndani ya marekani. Kimoja kililiwa na mchwa, kimoja jalada lake lilikuwa limegeuzwa kipepeo cha kupepea moto jikoni, na vichache havikuonekana kabisa. Vingine vyote vilirudi. Bwana Maktaba alipoweka cha mwisho rafuni alitoka nje, akainama kwenye beseni, akanawa uso muda mrefu sana. Sisi tuliendelea kubandika mifuko.

Nilimaliza darasa la nane, nikaenda chuo cha ualimu. Baadaye shule za kati zikaondolewa, watu wakahamia vijiji vya ujamaa, kila mtu akawa mahali pengine. Mtu mmoja aliniambia Bwana Maktaba alifariki katika kuhama huko. Niliamini. Nilimsomea dua, nikawasimulia wanafunzi wangu habari zake kama mtu anavyosimulia marehemu.

Kisha nikapelekwa kusimamia mtihani wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Korogwe. Nilifika mapema. Kwenye benchi nje ya darasa alikuwa amekaa mzee mmoja peke yake, kofia mkononi, anaikunja na kuikunjua. Nilimpita hatua mbili, miguu ikasimama yenyewe.

"Shikamoo, Bwana Maktaba."

Aliinua miwani. "Marahaba. Wewe ni Mwajuma wa Misima."

Nilishika mkono wake, na ulikuwa wa moto, mkono wa mtu aliye hai. "Niliambiwa umekufa, mzee," nilimwambia.

"Hata mimi niliambiwa," alisema. "Sikuamini."

Tulicheka, lakini macho yake yalirudi mlangoni. Nikamwuliza anamsubiri nani.

"Mama yenu yumo ndani. Leo anafanya mtihani."

Miaka yote ile sikujua kwamba mkewe hakusoma. Aliona mshangao wangu. "Nilijaribu kumfundisha," alisema. "Mara ya kwanza alininunia siku nne. Mara ya pili alihamia kwa dada yake. Mimi nina pupa, Mwajuma. Nilimaliza neno kabla yeye hajalifikia." Akaikunja kofia. "Wamekuja vijana wa kisomo na chaki zao, wameweza. Nenda, usimcheleweshe. Na usimwambie tumezungumza."

Ilipofika zamu yake mezani kwangu, mama yule, mnene, mwenye sauti ya utulivu, alikaa akatandaza kanga magotini.

"Yule mzee wangu bado amekaa nje?"

"Amekaa, mama."

"Mwache huko huko."

Nilimpa habari ya kisima cha kijiji aisome. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kwenye neno moja refu alikwama, nami nilijiuma ulimi ili nisimsaidie. Alirudi nyuma, akalikata vipande, akalipata. Kisha akaandika barua yake ya mistari minne kwa mwenyekiti wa kijiji, kuomba pampu itengenezwe. Herufi zilikuwa kubwa, zimesimama wima zote.

Nilipotoka, Bwana Maktaba alisimama. "Amefaulu?"

"Majibu yatatoka wilayani, mzee."

"Ndiyo. Ndivyo inavyotakiwa." Alikaa tena. Nilimwona anavyopumua, nikashindwa kujizuia.

"Ila wewe usikose usingizi," nilimwambia.

Alifumba macho. Mabega yalimshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakusema asante, alinipiga piga tu mgongo wa mkono.

Mkewe alitoka na wino kwenye vidole, akampa daftari lake ashike. Niliwasindikiza mpaka duka la kijiji. Foleni ya akina mama ilikuwa imezunguka ukuta, vikapu mkononi, na kwenye ubao wa mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa chaki. Mama alisimama mbele ya ubao. Bwana Maktaba alisimama nyuma yake, daftari kifuani, midomo ameibana kabisa.

"Su-ka-ri," alisema mama. "Ha-ku-na. M-pa-ka. Ju-ma-ta-tu."

Aliyapitia tena maneno hayo moyoni. Kisha akaigeukia ile foleni.

"Jamani, mnasubiri nini? Sukari hakuna mpaka Jumatatu. Wameandika."

Wanawake walimtazama, wakautazama ubao, wakaanza kuinua vikapu vyao.